Dashibodi Itakayofunguliwa na Mwingine: Mwongozo wa Kufanya Kazi na Wakala wa Msimbo

Dashibodi, kwa maana inayotumika katika kazi za takwimu, ni ukurasa mmoja unaokusanya namba, chati na ramani zinazohusu jambo moja, ili anayeufungua aone hali ilivyo bila kulazimika kupekua majedwali marefu. Kwa miaka mingi kazi ya kuijenga ilihitaji mtu anayejua kuandika programu, na ofisi isiyo na mtu huyo ilibaki na faili la Excel linalotumwa kwa barua pepe, kila anayelipokea akiwa na nakala yake na kila nakala ikiwa na marekebisho yake. Hali hiyo imeanza kubadilika tangu kujitokeza kwa wakala wa msimbo, yaani programu ya akili unde ambayo haiishii kujibu maswali, bali husoma faili zilizo ndani ya folda, huandika faili mpya, huendesha amri kwenye kompyuta, husoma makosa yanayojitokeza na kuyarekebisha mpaka kazi ikamilike. Claude Code ya Anthropic na Codex CLI ya OpenAI, zote zilizotolewa mwaka 2025, ni mifano miwili inayojulikana sana, na mwongozo huu unaweza kufuatwa kwa mojawapo au kwa nyingine yoyote inayofanya kazi kwa namna hiyo.

Wakala wa aina hii huweza kusimamisha kiunzi cha mradi kwa dakika chache, na kiunzi hapa ni ule mpangilio wa mwanzo unaobeba kazi yote: folda ya data, faili za msimbo, orodha ya vifurushi vinavyohitajika, maelezo ya namna ya kuendesha, na ukurasa wa kwanza unaofunguka katika kivinjari. Wepesi huo ndio unaovutia, na ndio pia unaodai uangalifu, kwa sababu ukurasa wenye namba sahihi na ukurasa wenye namba potofu hujengwa kwa kasi ileile na hupendeza kwa kiasi kilekile, na anayeutazama kwenye simu yake hana namna ya kuutofautisha mmoja na mwingine. Kwa hiyo muda unaookolewa katika kuandika msimbo haufai kuhesabiwa kuwa ni faida tupu. Sehemu kubwa yake inapaswa kuhamishiwa katika kueleza kwa usahihi kinachotakiwa kabla ya kazi kuanza, na katika kuhakiki namba kabla ya kiungo kutumwa kwa mtu wa kwanza.

Mfano utakaofuatwa hapa ni dashibodi ya idadi ya watu Tanzania kwa mikoa, inayolinganisha Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 na ile ya 2022. Data zake ni za umma, ni chache kiasi cha kuhakikiwa kwa macho, na ndani yake mna mtego ambao wakala asiyeongozwa huingia moja kwa moja.

Kabla ya wakala kufunguliwa

Jambo la kwanza la kuamua ni swali ambalo dashibodi italijibu, na swali hilo liandikwe kwa sentensi moja. Agizo la jumla kama "tengeneza dashibodi ya sensa" humwachia wakala uamuzi wote, naye hujaza ukurasa kwa chati za duara, kadi za namba na vichujio ambavyo hakuna aliyeviomba. Sentensi kama "ni mikoa ipi iliyoongezeka watu kwa kasi zaidi kati ya 2012 na 2022, na kila mkoa una watu wangapi sasa" humwonyesha kwamba kinachohitajika ni jedwali moja, chati moja ya mihimili na pengine ramani moja. Dashibodi nyingi zinazoachwa bila kutumiwa huachwa kwa sababu zina vitu vingi kuliko maswali ya wanaozifungua.

Jambo la pili ni kuandaa data kabla, badala ya kumtuma wakala akazitafute mwenyewe. Mjenzi apakue jedwali kutoka kwa mwenye data, ambaye katika mfano huu ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, kisha alihifadhi kama faili la CSV, yaani faili la maandishi matupu ambamo kila safu mlalo ni mstari mmoja na thamani hutenganishwa kwa mkato. Hapo pana tahadhari ndogo yenye madhara makubwa: ikiwa namba imeandikwa 2,343,754 ndani ya faili ambalo mkato ndio kitenganishi, na namba hiyo haikufungwa kwa alama za nukuu, programu itaisoma kama safu wima tatu, hivyo ni salama zaidi kuhifadhi namba bila mikato na kuirudisha mikato wakati wa kuonyesha tu. Faili asilia libaki katika folda yake bila kuguswa, na marekebisho yote yafanywe kwa msimbo unaosoma faili hilo na kutoa jingine, ili anayekuja baadaye aweze kufuata kila hatua iliyopitiwa kati ya ripoti ya sensa na chati.

Jambo la tatu linahusu data za watu binafsi, na halina nafasi ya kulegezwa. Wakala anaposoma faili, yaliyomo husafirishwa hadi kwenye seva za kampuni inayoendesha modeli yake, hata kama faili lenyewe liko kwenye kompyuta ya mezani. Jumla za mikoa hazina tatizo hilo, lakini orodha ya wagonjwa wa zahanati, majina ya wanafunzi na namba za simu za wanachama wa SACCOS ni taarifa zinazolindwa na sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Njia iliyo salama ni kumpa wakala faili lenye safu wima zilezile lakini lililojazwa thamani za kubuni, lililoandikwa wazi kuwa ni la majaribio, ili ajenge kwa kutumia umbo lake, kisha mjenzi aendeshe mwenyewe programu iliyokamilika juu ya data halisi wakati wakala hayupo. Kuamini kwamba folda yenye data halisi haitafunguliwa kwa kuwa haikutajwa katika maagizo si ulinzi, kwani wakala huorodhesha na kusoma faili zilizo jirani anapotafuta kuelewa mradi.

Maagizo ya maandishi

Mawakala wengi husoma faili maalumu la maagizo lililowekwa kwenye folda kuu ya mradi kila wanapoanza kazi. Claude Code husoma faili liitwalo CLAUDE.md, na mawakala wengine kadhaa, Codex akiwamo, husoma AGENTS.md. Umuhimu wa faili hili ni kwamba mazungumzo na wakala yana kikomo cha kumbukumbu: yanaporefuka, maelezo ya mwanzo hufupishwa au hudondoka, na sharti lililotamkwa asubuhi laweza kuwa limesahaulika jioni. Lililoandikwa katika faili husomwa upya. Maagizo yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa modeli kubwa za sasa hukielewa vya kutosha kwa kazi hii, ingawa majina ya faili na ya safu wima ni bora yawe mafupi, yasiyo na nafasi wala alama za pekee. Kwa mfano unaofuatwa hapa, maagizo yanaweza kuwa hivi:

"Jenga ukurasa wa dashibodi ya idadi ya watu Tanzania kwa mikoa. Data zote ziko katika folda ya data. Usipakue data nyingine na usibuni namba yoyote. Faili likikosekana au safu ikiwa tupu, simamisha kazi na ueleze tatizo. Jumla ya mwaka 2022 ni lazima iwe 61,741,120, ambapo Tanzania Bara ni 59,851,347 na Zanzibar ni 1,889,773. Jumla ya mwaka 2012 ni lazima iwe 44,928,923. Maandishi yote yanayoonekana na msomaji yawe ya Kiswahili. Ukurasa usomeke kwenye simu bila kuvutwa kando. Kabla ya kuandika msimbo wowote, toa mpango na usubiri ukubaliwe."

Kila sentensi katika maagizo hayo inazuia kosa linalotokea mara kwa mara, lakini lile la kutobuni namba lina uzito wa pekee. Wakala hufundishwa kukamilisha kazi, na anapokutana na faili lisilofunguka au tovuti isiyojibu, mara nyingi huandika msimbo unaosema kwamba data halisi zikikosekana zitumike data za mfano, kisha ukurasa ukafunguka vizuri, chati zikachorwa, na namba zilizomo zikawa za kutunga tangu mwanzo hadi mwisho. Pengine wakala huyo atakuwa ametaja jambo hilo katika mstari mmoja wa taarifa yake ndefu, ambao msomaji mwenye haraka hataufikia. Dashibodi inayogoma kufunguka kwa sababu faili halipo ni afadhali mara nyingi kuliko dashibodi inayofunguka na kusema uongo, na sharti hilo liandikwe kwa maneno yasiyo na utata.

Ombi la mpango nalo lina faida yake. Mpango ni aya chache zinazoweza kusomwa kwa dakika mbili na kusahihishwa kwa sentensi moja, ilhali msimbo ulioandikwa tayari huwa na mamia ya mistari ambayo mjenzi asiye mtaalamu hana namna ya kuipima.

Umbo la mradi

Miradi ya dashibodi hugawanyika katika aina mbili, na wakala asipoelekezwa huchagua kwa mazoea yake. Aina ya kwanza ni programu inayoendeshwa na seva, ambapo kompyuta fulani huwa macho wakati wote ikisubiri maombi ya watazamaji. Streamlit, maktaba ya lugha ya Python iliyotolewa mwaka 2019, ni chaguo linalopendwa sana na mawakala kwa kuwa dashibodi nzima huweza kuandikwa katika faili moja fupi. Aina ya pili ni ukurasa tuli, yaani faili za HTML, JavaScript na data ambazo kivinjari cha mtazamaji hupakua na kuzichora chenyewe, bila seva kufanya hesabu yoyote.

Kwa data zinazobadilika kila saa, au zinazohitaji mtazamaji kujitambulisha kwa nenosiri, aina ya kwanza haina mbadala mwepesi. Kwa sensa inayofanyika kila baada ya miaka kumi na yenye safu mlalo 31, kuweka seva ni kujibebesha mzigo: seva hulipiwa, husasishwa, na huduma za bure huilaza programu isiyotembelewa, kiasi kwamba anayefungua kiungo baada ya siku kadhaa hukuta ujumbe wa kuiamsha na kudhani imekufa. Ukurasa tuli huwekwa bila malipo katika huduma kama GitHub Pages, na waweza kukaa miaka bila kuguswa. Uamuzi unaopendekezwa hapa ni kuanza na ukurasa tuli kila inapowezekana, na kuhamia kwenye seva pale tu sababu inapoonekana.

Suala la uzito wa ukurasa lisipuuzwe, kwa kuwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huufungua kwa simu na kwa bando walilolinunua. Maktaba ya kuchora chati ya Plotly, ikichukuliwa yote, huzidi megabaiti 3 kabla ya data yoyote kupakiwa, wakati Chart.js hutosha kwa chati za mihimili na ina uzito mdogo kuliko hiyo kwa mbali. Wakala hatalifikiria hilo mwenyewe, kwa sababu kwenye kompyuta ya mjenzi kila kitu hufunguka papo hapo. Aambiwe ukubwa wa juu wa ukurasa mzima, kwa mfano nusu megabaiti, na atauzingatia.

Kazi yenyewe iendeshwe kwa vipande vidogo: kwanza kusoma na kusafisha data, kisha jedwali peke yake, kisha chati, na ramani mwisho. Baada ya kila kipande kukubaliwa, mabadiliko yahifadhiwe kwa Git, mfumo wa kutunza historia ya faili ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambao humwezesha mjenzi kurudi kwenye hali yoyote ya nyuma iliyokuwa inafanya kazi. Hatua hii ina umuhimu wa ziada mbele ya wakala, kwani anapoombwa kurekebisha rangi ya chati anaweza kugusa pia msimbo wa hesabu, na historia ya Git ndiyo inayoonyesha mstari kwa mstari ni nini hasa kilichobadilika. Wakala anapoomba ruhusa ya kuendesha amri, ombi hilo lisomwe, hasa linapohusu kufuta faili au kusakinisha kifurushi kisichofahamika. Imewahi kuthibitika kwamba modeli za lugha hutaja vifurushi visivyokuwapo, na kwamba wahalifu huweza kusajili majina hayo ya kubuni na kuweka humo programu hasidi, hivyo jina la kifurushi kipya likaguliwe kwanza katika orodha rasmi.

Namba kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha kazi, na mfano wa sensa unakionyesha kwa karibu. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, kwa hiyo ripoti ya sensa ya 2012 ina mikoa 30 na ya 2022 ina mikoa 31. Mbeya ya ripoti ya 2012 ina watu 2,707,410, na Mbeya ya 2022 ina watu 2,343,754. Wakala aliyepewa majedwali haya mawili na kuambiwa aonyeshe ongezeko, atachora mhimili mwekundu unaoshuka chini ya sifuri na kuandika kwamba Mbeya imepoteza watu 363,656, yaani upungufu wa asilimia 13.4 katika kipindi ambacho nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37.4. Msimbo wake hauna hitilafu na hesabu yake ya kutoa ni sahihi. Kilichokosekana ni ufahamu kwamba jina Mbeya katika jedwali moja na jina Mbeya katika jedwali la pili hayataji eneo moja.

Songwe nayo hupatwa na mambo tofauti kulingana na namna majedwali yalivyounganishwa. Maktaba ya pandas, inayotumiwa sana katika Python kwa kazi za majedwali, isipoelekezwa vinginevyo hubakiza safu mlalo zile tu ambazo majina yake yamepatikana pande zote mbili. Hapo Songwe, yenye watu 1,344,687 mwaka 2022, hutoweka kimyakimya, na jumla ya taifa hushuka hadi 60,396,433. Ikiunganishwa kwa namna ya kubakiza kila kitu, Songwe hubaki na nafasi tupu upande wa 2012, na wakala akiijaza sifuri ili msimbo usigome, mkoa huo hupata ongezeko lisilo na kikomo na kuruka hadi kileleni mwa orodha. Sharti la jumla lililowekwa katika maagizo hunasa kosa la kwanza mara moja, kwa kuwa 60,396,433 si 61,741,120. Halinasi la pili, wala la Mbeya, kwani katika hayo jumla hutimia. Ndiyo maana sharti la jumla halitoshi peke yake, na inafaa kuongeza mengine mawili: kila mkoa uwe na thamani isiyo sifuri kwa miaka yote miwili, na mkoa wowote ambao badiliko lake liko mbali na la taifa usimamishwe ukaguliwe na mtu kabla ya kuchapishwa.

Namna ya kurekebisha ni uamuzi wa mjenzi, si wa wakala. Anaweza kuunganisha Mbeya na Songwe za 2022 kuwa eneo moja lenye watu 3,688,441, na kupata ongezeko la asilimia 36.2 linalolingana na hali ya nchi, ingawa kwa kufanya hivyo Songwe inakosa mahali pake kwenye ukurasa. Au anaweza kutumia takwimu za 2012 zilizopangwa upya kwa mipaka ya sasa, ambazo huipa Mbeya watu 1,708,548 na Songwe 998,862. Hapo Mbeya inaonekana kuongezeka kwa asilimia 37.2 na Songwe kwa asilimia 34.6. Njia ya pili ni bora, kwa sababu mkazi wa Vwawa au Tunduma mkoani Songwe anayefungua dashibodi hutafuta mkoa wake kwa jina analolijua. Vyovyote itakavyokuwa, maelezo ya uamuzi huo yaandikwe chini ya chati yenyewe, kwa kuwa picha ya chati hukatwa na kutumwa kwenye WhatsApp bila ukurasa uliobaki.

Mtego wa mipaka hauko Tanzania pekee. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilifanyika kabla ya Katiba ya 2010 kuweka kaunti 47, na yeyote anayeilinganisha na sensa ya 2019 hulazimika kwanza kujua jedwali alilo nalo limepangwa kwa wilaya za zamani au kwa kaunti. Ramani za bure zilizochorwa kabla ya 2016 hazina Songwe hata kidogo, na nyingi huandika majina ya mikoa ya Zanzibar kwa Kiingereza, kwa hiyo Kaskazini Pemba ya kwenye jedwali haikutani na jina lake la kwenye ramani na mkoa hubaki mweupe. Dawa ni kuunganisha kwa namba za utambulisho wa mikoa badala ya majina, na kumtaka wakala aorodheshe kila jina lililokosa mwenzake.

Viwango vya ongezeko navyo vinahitaji jicho. Ongezeko la asilimia 37.4 kwa miaka kumi, likigawanywa kwa kumi, huonekana kuwa asilimia 3.7 kwa mwaka, lakini watu huongezeka juu ya waliokwisha kuongezeka, na hesabu inayozingatia hilo hutoa asilimia 3.2, ambayo ndiyo iliyotangazwa rasmi. Wakala hujua hesabu zote mbili na huweza kutumia yoyote. Jina la kipimo na namna kilivyokokotolewa viandikwe kwenye maagizo. Vilevile ramani iliyopakwa rangi kwa idadi ya watu huinyima haki Dar es Salaam, mkoa wenye watu 5,383,728 ambao kwa eneo ndio mdogo kuliko yote ya Bara, na ambao kwenye skrini ya simu huonekana kama nukta. Chati ya mihimili humaliza tatizo hilo, na mara nyingi ramani yaweza kuachwa kabisa.

Kumkabidhi mwingine

Mradi hufaa kushirikishwa pale mtu ambaye hakuwapo wakati unajengwa anapoweza kuufungua, kuuendesha na kuusasisha bila kupiga simu. Faili la README, ambalo ndilo la kwanza kusomwa katika mradi wowote, lieleze data zimetoka wapi na lini, amri za kuendesha mradi, na uamuzi wote uliofanywa juu ya data, ukiwamo ule wa Songwe. Wakala huandika faili hili vizuri, ila huwa na tabia ya kusifia mradi na kuorodhesha uwezo ambao bado haujajengwa, hivyo lisomwe na kupunguzwa. Matoleo ya vifurushi yatajwe kwa namba kamili, kwa sababu kifurushi kinachofanya kazi leo chaweza kubadilika mwakani na kuvunja mradi ambao hakuna aliyeugusa.

Jaribio la kweli ni kuuchukua mradi kutoka mahali ulipohifadhiwa, kuuweka kwenye kompyuta nyingine au katika folda tupu, na kufuata README neno kwa neno bila kuongeza kitu kutoka kichwani. Makosa yanayojitokeza hapo huwa yaleyale: njia ya faili inayoanzia folda binafsi ya mjenzi, kifurushi kilichosakinishwa zamani kisichotajwa popote, au faili la data ambalo halikuhifadhiwa pamoja na mengine. Kila kosa apewe wakala alirekebishe, na jaribio lirudiwe tangu mwanzo.

Kabla ya kuchapisha, siri zitafutwe. Ufunguo wa API, yaani msururu wa herufi unaoipa programu ruhusa ya kutumia huduma fulani kwa jina la mwenye akaunti, usiandikwe kamwe ndani ya msimbo, na katika ukurasa tuli hauna pa kujificha hata kidogo kwa kuwa kila kilichomo hufika kwenye kivinjari cha mtazamaji. Ikiwa uliwahi kuhifadhiwa kwa Git, kuufuta katika faili la leo hakusaidii, maana hubaki katika historia. Ufunguo huo ubatilishwe na kuombwa mwingine. Ijulikane pia kwamba, kwa akaunti za kawaida, ukurasa uliowekwa kwenye GitHub Pages huonekana na ulimwengu mzima hata pale msimbo wake ulipohifadhiwa kwa faragha, na huduma hiyo haifai kwa taarifa za ndani za ofisi.

Chini ya ukurasa ziandikwe taarifa nne kwa herufi zinazosomeka: chanzo cha data, tarehe ya data, tarehe ukurasa ulipojengwa, na jina au cheo cha anayewajibika nao, pamoja na namna ya kumfikia. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo itakayomwezesha mtumishi wa halmashauri aliyeona kosa katika mkoa wake kulitolea taarifa badala ya kunyamaza.

Ripoti za Sensa ya 2022 zinapatikana bila malipo katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zikiwamo zinazoshuka hadi ngazi ya kata. Msomaji anayetaka kujizoeza achukue kata za wilaya anayoifahamu, ambako atatambua kwa macho namba isiyo ya kawaida kabla hata ya kuihesabu, amwandikie wakala maagizo ya nusu ukurasa, na asitume kiungo kwa yeyote mpaka awe amelinganisha kila kata iliyo kwenye skrini na kata hiyo hiyo katika ripoti.